Naambiwa niape kwamba sikumhudumia adui

Shikamoo mshauri.

Mimi ni muuguzi mkunga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha nchini kwetu, serikali imeshinda, na hospitali yetu, ambayo kwa sehemu kubwa ya vita ilikuwa mikononi mwa waasi, imerudi chini ya wizara. Nilifurahi kama wengine. Dawa zimeanza kuja, taa za wodini hatuzizimi tena usiku kwa kuogopa mabomu, na baada ya kukaa muda mrefu bila kitu tumepata mshahara.

Sasa tumeletewa mganga mfawidhi mpya. Aliitisha kikao cha watumishi wote, madaktari, wauguzi, watu wa maabara, wafagizi, madereva hadi walinzi wa getini, kila mmoja akapewa fomu ya kiapo cha utii. Ina vipengele vitatu. Cha kwanza kinasema nitaitii katiba na serikali halali na kuwahudumia wananchi wote. Cha pili nakinakili kama kilivyo: “Naapa kwamba katika kipindi chote cha vita sikuwahi kwa hiari yangu kumsaidia, kumhudumia, kumhifadhi wala kumwonea huruma adui wa taifa.” Cha tatu kinasema nitataja majina ya watumishi na wagonjwa ninaowafahamu kuwa walishirikiana na adui. Asiyesaini ataondolewa kwenye orodha ya mishahara mwisho wa mwezi.

Mshauri, mimi niliwahudumia. Waasi walileta majeruhi wao usiku na sisi tuliokuwa zamu tulifanya kazi. Tulishona, tulitundika dripu, tulimshikia taa daktari mmoja tuliyebaki naye alipokuwa akikata mguu uliooza. Hakuna aliyenishikia bunduki kichwani kila zamu, kwa hiyo siwezi kusema sikuwa na hiari. Niliona mtu anavuja damu nikamfunga. Niliwahudumia pia askari wa serikali waliokuwa mateka. Mmoja walitaka kumtoa wodini kabla kidonda hakijafunga, nikakataa kumwachia, na kamanda wao akanitishia. Hilo nalo fomu haina mahali pa kuliandika.

Neno linalonikosesha usingizi ni hilo la huruma. Kijana mmoja wa waasi, umri wa mwanangu wa kwanza, alikufa mkono wake ukiwa mkononi mwangu huku akimwita mama yake. Nilimwonea huruma. Niape kwamba sikumwonea?

Mume wangu anasema nisaini, ni karatasi tu, kila mtu anasaini, tuna watoto watatu wa kulisha. Rafiki yangu wa thieta amekataa fomu yote, hata kipengele cha kwanza, na anasema nikisaini chochote nitakuwa nimemsaliti. Halafu kuna mwenzetu wa maabara. Kaka yake aliuawa na waasi, mwili haujapatikana mpaka leo. Yeye amesaini siku ile ile, akasema mbele yetu sote kwamba aliye safi hana cha kuogopa, na wanaosita waondoke. Sikuweza kumjibu, maana uchungu wake naujua.

Kuna jambo la mwisho ambalo sijamwambia hata mume wangu. Rejista za wodi za miaka ile zipo, zimefungiwa kabatini, na funguo ninazo mimi. Zina majina, majeraha, tarehe. Mfawidhi ameniuliza mara moja kama bado zipo. Nimewaza kuzichoma. Nimewaza pia kwamba nikisaini, jina langu limo ndani ya rejista hizo kama muuguzi wa zamu.

Nifanye nini?

Muuguzi mwenye funguo

*

Marahaba, mwanangu.

Fomu hiyo usiisaini kama ilivyo. Wala usikatae kuapa. Unaona kama umewekwa kati ya mumeo na rafiki yako uchague mmoja, lakini mbele yako kuna karatasi yenye mambo matatu tofauti yaliyoshonwa pamoja makusudi, ili anayetaka kukubali moja alazimike kuyameza yote. Kazi yako ya kwanza ni kuyafumua.

Kipengele cha kwanza kiape. Serikali yoyote ina haki ya kumtaka mtumishi wake aahidi kuifuata katiba, na nchi iliyotoka kuchinjana ina sababu nzuri zaidi ya kutaka kusikia ahadi hiyo. Hapo nampinga rafiki yako. Kukataa hata ahadi ya kuwahudumia wananchi wote kunampa mfawidhi hoja asiyostahili kuipata, kwamba wanaosita wana jambo dhidi ya amani. Msikubali awaweke hapo.

Kipengele cha pili ni kitu kingine kabisa. Cha kwanza kinaahidi mambo ya mbele, hiki kinakutaka ujishtaki au udanganye kuhusu mambo ya nyuma. Tofauti hiyo imewahi kusumbua vichwa vya watu walioshinda vita vikubwa. Marekani ilipokuwa katikati ya vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge lake lilipitisha mwaka 1862 kiapo kilichomtaka kila mtumishi wa serikali kuu aape kwamba hajawahi kwa hiari yake kushika silaha dhidi ya nchi, wala kuwapa waasi msaada, ushauri au moyo. Watu wakakiita kiapo cha chuma. Rais Abraham Lincoln mwenyewe, ambaye vita vile vilikuwa vyake, alimwandikia waziri wake wa vita Februari 1864 kwamba kimsingi hakipendi kiapo kinachomtaka mtu aape kuwa hakutenda kosa. Kwake ilitosha mtu asitende kosa tangu hapo na kuendelea. Kiapo alichokitangaza yeye Desemba 1863, kwa waliotaka kusamehewa, kilikuwa cha aina hiyo: utailinda katiba kuanzia leo.

Jimbo la Missouri halikumsikiliza. Katiba yake ya mwaka 1865 iliweka kiapo kirefu cha mambo ya nyuma, na haikuishia kwa maofisa wa serikali. Mawakili, walimu na viongozi wa dini nao walilazimishwa. Ndani yake mtu aliapa pia kwamba hajawahi, kwa neno au tendo, kuonyesha huruma kwa walioasi. Unaliona neno lako? Padri mmoja wa Kikatoliki, John Cummings, alihubiri bila kuapa. Akashtakiwa, akatozwa faini ya dola 500 na kuwekwa ndani mpaka ilipwe. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Januari 1867, kwa kura tano dhidi ya nne, majaji wakasema kiapo kile ni adhabu iliyovishwa nguo ya masharti ya kazi. Kinamwadhibu mtu bila kumpeleka mahakamani, kwa jambo ambalo halikuwa kosa alipolitenda, na kinamgeuzia mzigo ili yeye ndiye athibitishe kuwa hana hatia. Hukumu ya Marekani haimfungi mfawidhi wako. Lakini hoja zake zinabebeka, na mwanasheria wenu atazitambua mara moja.

Wewe una ulinzi ambao padri yule hakuwa nao. Mikataba ya Geneva ya 1949 ina kifungu cha tatu, kile kinachohusu hasa vita vya ndani ya nchi moja, kinachosema waliojeruhiwa na wagonjwa wataokotwa na kutibiwa. Hakikusema wa upande upi. Mwaka 1977 ikaongezwa Itifaki ya Pili kwa ajili ya vita vya ndani, na kifungu chake cha 10 kinasema kwamba katika hali yoyote ile mtu asiadhibiwe kwa kufanya kazi ya tiba inayolingana na maadili ya tiba, awe nani aliyefaidika nayo. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inaihesabu kanuni hiyo kuwa sehemu ya sheria ya mila ya vita, yaani inazibana hata nchi ambazo hazikutia saini itifaki.

Kwa hiyo ulichokifanya usiku ule na taa mkononi, sheria ya vita ilikutaka ukifanye. Askari wa serikali uliyekataa kumtoa wodini aliokolewa na kanuni hiyo hiyo. Kama uuguzi wako ungekuwa wa upande mmoja, yeye angekuwa amekufa. Hili lisome tena, kisha uliandike kwenye barua yako, maana mfawidhi anahitaji kulisikia kwa jina la mtu aliyepo.

Kuhusu huruma, nakwambia waziwazi: usiape kamwe kwamba hukuwa nayo. Hakuna mwajiri mwenye haki ya kukagua ulichokihisi ulipomshika mkono mtu anayekufa. Na muuguzi atakayeapa hivyo kwa ukweli, mimi nisingependa anipokee wodini.

Mumeo nisimlaumu. Anaangalia watoto, na hofu yake ina msingi. Lakini “ni karatasi tu” si kweli, na wewe umeshaliona kosa la hoja hiyo kabla yangu: jina lako limo kwenye rejista. Ukiapa kwamba hukumhudumia adui, utakuwa umetia saini uongo ambao ushahidi wake uko kabatini. Leo mfawidhi ataridhika. Kesho, wewe na yeye mkipishana juu ya zamu au dawa zilizopotea, ataweka fomu na rejista pamoja mezani. Kumhudumia majeruhi halikuwa kosa. Kuapa uongo ni kosa karibu kila nchi. Atakuwa amepata kwako hatia ambayo hukuwa nayo, na utakuwa umempa wewe.

Karatasi za namna hii zina maisha marefu. Hispania, vita vilipokuwa vinakaribia mwisho, utawala wa Jenerali Franco, upande uliokuwa unashinda, ulitoa sheria ya tarehe 10 Februari 1939 iliyowataka watumishi wa umma wajaze maelezo ya kiapo juu ya mwenendo wao wakati wa vita, vyama vya siasa na vya wafanyakazi walivyokuwamo. Maelezo hayo ndiyo yaliyotumika kuwachuja, huyu abaki, huyu ahamishwe mbali, huyu afukuzwe. Ugiriki, baada ya vita vyake vilivyokwisha 1949, mtu alihitaji cheti cha polisi kuonyesha kwamba fikra zake ni safi ili apate kazi serikalini au nafasi chuo kikuu, na hali hiyo ilidumu hadi utawala wa kijeshi ulipoanguka 1974. Robo karne. Waliokuwa watoto vita vilipokwisha walikua, wakazaa, bado faili la mzazi linawatangulia kila wanapoomba kazi. Mweleze mumeo hilo, kwa kuwa anachokitetea ni watoto.

Sasa kipengele cha tatu. Hicho hakina mjadala. Usitaje mgonjwa hata mmoja. Ulipohitimu uliapa kiapo cha wauguzi, na kama ni kile kilichobeba jina la Nightingale, kilichoandikwa Detroit mwaka 1893, kina ahadi ya kutunza siri za wale unaowahudumia. Siku wagonjwa watakapojua kwamba kitanda cha hospitali kinaweza kuwa kizimba cha mahakama, wataacha kuja. Wataacha hata wasiohusika, mjamzito ambaye mumewe alipigana upande ulioshindwa, mama mwenye mtoto mwenye degedege anayeogopa kuulizwa baba yuko wapi. Wewe ni mkunga, unajua wanawake wanaobaki nyumbani na uchungu mwishowe unawapokea katika hali gani.

Itifaki niliyoitaja inagusa hili pia. Inataka wajibu wa wahudumu wa tiba kuhusu siri za majeruhi uheshimiwe, na wasiadhibiwe kwa kukataa kutoa habari hizo, ila inaweka sharti: kwa kufuata sheria ya nchi. Sharti hilo lina uzito na sitakuficha. Nchi nyingine zina sheria inayotaka majeraha ya risasi yaripotiwe, na mahakama inaweza kuamuru faili litolewe. Ndiyo maana rejista zako zinahitaji akili kuliko ujasiri.

Usizichome. Najua kwa nini umewaza hivyo, na sikuoni mbaya. Lakini kuharibu kumbukumbu za hospitali ni kosa utakaloshtakiwa nalo wewe peke yako, na litawafanya wenzako wote waonekane walikuwa na la kuficha. Zaidi ya hapo, rejista hizo ndizo ushahidi wenu. Zinaonyesha kwamba wodi yenu ilipokea raia, waasi na mateka wa serikali, na kwamba kila mmoja alitibiwa kwa jeraha lake. Huenda siku moja mama akaja kuuliza mwanawe alifia wapi, jibu likawa kwenye mstari ulioandikwa kwa mkono wako. Usizitoe kwa kuulizwa mdomoni korido. Mfawidhi akiuliza tena, mwambie ukweli kwamba zipo na zimefungwa. Kuzikana kutakuharibia. Kisha umwombe maombi yake yaje kwa maandishi, yakitaja sheria anayoitumia na sababu. Barua hiyo ikija, ipeleke kwa mwanasheria kabla ya kufungua kabati. Na funguo zisiwe zako peke yako. Ziandikishwe kwa makabidhiano pamoja na matroni au mtunza kumbukumbu, ili siku kabati likikutwa wazi usiwe wewe wa kuulizwa.

Nimemwacha mwenzenu wa maabara mpaka hapa kwa sababu yeye ndiye aliyenifikirisha zaidi.

Usimjibu kwa hoja za sheria, wala usibishane naye mbele za watu. Mtu ambaye hajapata mwili wa kaka yake hajamaliza vita. Anachotaka ni haki, na ameletewa fomu akaambiwa haki ndiyo hii. Nakuomba umkute faragha, umpe pole, kisha umuulize kwa upole: katika waliosaini siku ile, kuna yeyote aliyekwambia kaka yako yuko wapi? Hakuna. Kiapo cha watu wote hakimpati muuaji. Aliyeua atasaini haraka kuliko wote, maana mtu wa namna hiyo haogopi uongo. Anayesita ni mwenye dhamiri. Kwa hiyo chujio hilo linabakisha waliopaswa kutoka na kutoa waliopaswa kubaki.

Na kama kuna mtumishi wa hospitali aliyetenda uovu, aliyemtoa mgonjwa akauawe, aliyekaa mahali watu wanapoteswa akisema huyu bado anaweza kuhimili, huyo hastahili kulindwa na koti jeupe. Achunguzwe kwa jina lake na kwa tendo lake. Afrika Kusini inatupa mfano. Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi, alipokufa mikononi mwa polisi mwezi Septemba 1977, madaktari wawili waliokuwa wamemwona rumande, Benjamin Tucker na Ivor Lang, hawakuzuia asafirishwe uchi nyuma ya gari, zaidi ya kilomita 1,000, akiwa ameumia ubongo. Baraza la madaktari lilikataa kuwachukulia hatua. Madaktari wenzao wachache wakaenda mahakamani, mahakama ikaliamuru baraza liwasikilize, na mwaka 1985 Tucker akafutwa kwenye daftari la madaktari, Lang akapewa onyo. Ilichukua miaka minane na wengi waliona adhabu ni ndogo. Lakini waliulizwa walifanya nini, kwa mgonjwa gani, siku gani, na walikuwa na nafasi ya kujibu. Baadaye, mwezi Juni 1997, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifanya kikao maalumu kuhusu sekta ya afya, na taasisi zenyewe zikaitwa kujieleza. Mwenzenu anastahili uchunguzi wa namna hiyo juu ya kaka yake. Mwambie utamsaidia kuudai. Na umsaidie kweli: kama kuna mstari kwenye rejista unaomhusu kaka yake, ndugu wa damu ana haki ya kuomba habari hiyo kwa njia halali, nawe unajua mlango wa kugonga.

Tuje kwenye siku zilizobaki kabla ya mwisho wa mwezi.

Andikeni tamko lenu wenyewe. Nasema andikeni, kwa wingi. Mtu mmoja akipeleka karatasi tofauti anaitwa mkaidi. Wakipeleka kumi na tano wa wodi mbalimbali, wakiwemo wafagizi na madereva, hilo ni pendekezo. Muwe wapole katika maneno. Mnaweza kuandika hivi: “Naahidi kuitii katiba na sheria za nchi, na kumhudumia kila mgonjwa bila kujali kabila, dini, siasa wala upande aliokuwa wakati wa vita. Wakati wa vita niliwahudumia wote walioletwa hospitalini kwa mujibu wa maadili ya taaluma yangu. Siwezi kutaja habari za wagonjwa isipokuwa kwa amri halali ya sheria. Niko tayari kujibu swali lolote kuhusu tendo langu mahususi mbele ya chombo halali, nikiwa na nafasi ya kujitetea.” Sentensi ya mwisho msiiondoe. Inaonyesha kwamba hamkimbii kuulizwa. Mnachokataa ni kuhukumiwa kwa jumla.

Tamko hilo halitoki hewani. Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani, lililoandikwa mara ya kwanza 1948 watu wakiwa bado wanakumbuka walichokifanya madaktari wa Wanazi, linamtaka daktari asiruhusu siasa ya mgonjwa iingie kati yake na wajibu wake. Daktari wenu aliyebaki nanyi analijua. Mwombeni atie saini wa kwanza, kwa sababu sauti yake itasikika ofisini kuliko ya mfagizi, na mfagizi ndiye wa kwanza kufukuzwa.

Kabla hamjapeleka, pelekeni nakala kwa chama chenu cha wafanyakazi na kwa baraza la wauguzi na wakunga, muwaulize rasmi kama kipengele cha pili na cha tatu vinaendana na maadili ya taaluma. Na mwanasheria aulizwe maswali ambayo majibu yake yanabadilisha kila kitu: fomu hii imetokana na sheria ipi, au ni ya mfawidhi tu? Je, makubaliano ya amani au sheria ya msamaha imesema nini kuhusu watumishi wa umma? Je, nchi imeridhia Itifaki ya 1977, na Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1958? Mkataba huo unakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya maoni ya kisiasa. Unaruhusu hatua kwa mtu anayeshukiwa kwa msingi kuhatarisha usalama wa nchi, lakini mtu huyo lazima awe na haki ya kukata rufaa. Fomu inayokata mshahara mwisho wa mwezi bila rufaa haijafika hapo. Mara nyingi fomu kama hizi hutengenezwa na mtu mmoja anayetaka kuonekana na wakubwa kwamba amesafisha hospitali, na akiulizwa kwa barua yenye nakala wizarani, hulegea.

Inawezekana asilegee. Mshahara ukikatwa, dai lenu litakuwa kwa maandishi na tarehe, lakini watoto hawali barua. Kaa na mumeo sasa, muone mnaweza kuvuka kwa nini na kwa muda gani, kabla hujapeleka chochote. Mwambie habari ya rejista. Anakushauri usaini akiwa hajui jambo zito kuliko yote, na ushauri wake unaweza kubadilika akilijua.

Na ikitokea karatasi hiyo ikaletwa na wenye silaha, wakakusimamia, saini kipengele cha pili uondoke hai. Sitakuambia vinginevyo, na asikuhukumu mtu. Siku hiyo hiyo, au mara tu utakapoweza, mweleze mwanasheria kilichotokea, nani alikuwepo, saa ngapi, aandike. Majina ya wagonjwa hata hapo usiyaandike. Sema ukweli kwamba ulifanya kazi na majeraha, na majina yako kwenye kumbukumbu zinazolindwa kwa utaratibu.

Rafiki yako wa thieta mfuate leo. Mwonyeshe rasimu ya tamko, mwachie kalamu abadilishe maneno anayotaka kuyabadilisha, hasa kwenye hiyo ahadi ya katiba anayoichukia. Akibaki kukataa yote, tamko lenu liwe na mstari mmoja wa ziada unaosema mtumishi asiyesaini asichukuliwe hatua bila kusikilizwa. Kwa mstari huo utakuwa umemtetea hata kama hamkukubaliana.